Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Kariakoo: Mtoto Aliyepotea Apelekwe Wapi?

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Kwa wakuu wa Shirika la Masoko ya Kariakoo. Kwa wenyeviti wa serikali za mitaa na viongozi wa wafanyabiashara wa Kariakoo, wakubwa kwa wadogo.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Magogoni, mtu mzima mwenye wajukuu, nisiye na cheo wala duka, na jambo lililonitia kalamu mkononi ni moja tu: mtoto akipotea Kariakoo, hakuna mahali pamoja panapojulikana na watu wote, mwenye duka na mchukuzi, mama aliyetoka Mbagala na kijana wa guta, kwamba hapo ndipo apelekwapo mtoto na hapo ndipo akimbiliapo mzazi. Mengine yote nitakayoyasema humu ni matawi ya shina hilo.

Mwezi wa Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, binti yangu alikwenda kumnunulia mwanawe sare na viatu, nami nikafuatana nao kwa kuwa mtoto huyo, mwenye umri wa miaka 5, hapendi kuniacha nyuma. Kila aijuaye Kariakoo ya Januari anajua hali yake: madaftari yamepangwa mpaka katikati ya njia, mikokoteni inapita kwa kelele za wenyewe, na watu wamesongamana hata mtu hatembei kwa hiari yake bali huchukuliwa kama gogo juu ya maji ya mto. Katika Mtaa wa Kongo binti yangu aliuachia mkono wa mtoto kwa muda wa kuhesabu noti tatu. Mtoto, kama ilivyo desturi yake mama anapokuwa na shughuli, akashika upindo wa buibui; muuzaji akarudisha chenji; tukageuka, na mtoto hayupo. Baadaye tulifahamu kwamba upindo alioushika haukuwa wa mamaye. Alikuwa amemfuata mwanamke mwingine kabisa, aliyekwenda upesi na furushi lake kichwani pasipo kuhisi kitu, na hakulimaizi kosa lake mpaka mwanamke yule alipogeuka, naye akaona uso asioujua.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulimpata saa tisa alasiri. Sitaeleza fadhaa ya saa zile tano, kwa maana mzazi yeyote ataijua bila kuelezwa, na asiye mzazi hapana maneno yatakayomjulisha. Lakini naona ni wajibu kueleza njia aliyopita mtoto yule, kwani ndani yake imo hoja yangu yote. Aliyemwona kwanza akilia ni muuza viatu, akamketisha, akampa maji. Kisha akawaza, kwa nia safi kabisa, kwamba heri ampeleke msikitini akatangazwe, kwa kuwa ndiyo ada tuliyoikuta kwa wazee wetu. Msikitini saa ile hapakuwa na mtu wa kutangaza. Kijana mmoja akamchukua hadi kwa mjumbe. Mjumbe hakuwapo, mkewe akampa uji, akangoja, akaona saa zinakwenda, akamtuma jirani ampeleke polisi. Kila mkono uliompokea ulikuwa mkono wa rehema, na kila mkono ulimsogeza mbali zaidi nasi. Sisi nasi tulikuwa tukifuata nyayo zake bila kumfikia: tulifika kwa muuza viatu mtoto ameondoka, tukafika msikitini mtoto ameondoka, tukarudi tena penye duka la sare kwa kudhani labda amerudi mwenyewe. Na katikati ya mahangaiko hayo tuliingia katika afisi moja, ambayo sitaitaja, na mtu aliyekuwa zamu akatuambia turudi baada ya saa 24 kupita, ndipo jambo letu liandikwe.

Waheshimiwa, neno hilo la saa 24 limeenea midomoni mwa watu kana kwamba ni aya, na naomba kwa dhati lifutwe. Mtu mzima akikawia kurudi nyumbani huenda amelala kwa rafiki, na nduguze wanaweza kungoja asubuhi; mtoto wa miaka 5 hana rafiki wa kulala kwake. Katika muda wa saa moja tu basi la mwendokasi lililotoka Gerezani limekwisha fika Kimara. Ikiwa mtoto ameangukia kwa watu wema, muda huo unatosha kumpitisha mikono minne, kama alivyopitishwa wangu. Ikiwa ameangukia kwa mtu mwovu, sina haja ya kumaliza sentensi hii.

Aghalabu mtoto akipotea, lawama ya kwanza humwendea mama: kwa nini hakumshika? Mimi nilikuwapo, na nashuhudia kwamba mama huyo alimshika mwanawe tangu kituoni mpaka dukani, akamwachia kwa muda wa noti tatu. Mwanamke mwenye kapu, mwenye fedha za kuchunga zisiibiwe, aghalabu na mtoto mwingine mgongoni, hana mkono wa tatu. Na mtoto naye asilaumiwe, maana Kariakoo aionayo si hii tuionayo sisi. Sisi tunaona mabango na maghorofa. Yeye, ambaye kimo chake hakizidi kiuno cha mtu, anaona magoti, pindo za kanga, magurudumu na viroba. Isitoshe, mitaa yenyewe inafanana. Wajerumani walioichora kabla ya Vita Kuu ya Kwanza waliinyosha kwa kamba, mtaa ukikata mtaa kama nyuzi za jamvi, na pembe hii ya njia ni sawa na pembe ile. Mtu mzima huzitambua kwa majina, Sikukuu, Mkunguni, Tandamti, Narung'ombe. Asiyejua kusoma atazitambua kwa nini?

Zamani zilitambulikana kwa watu. Nyumba za Kariakoo zilikuwa za Kiswahili, za vyumba sita na ukumbi katikati, na mbele ya kila nyumba palikuwa na baraza, na juu ya baraza palikuwa na mzee anayecheza bao au bibi anayesuka ukili. Mtoto akipita analia, swali lilikuwa moja, "Wewe mtoto wa nani?", na aghalabu jawabu lilipatikana kabla machozi hayajakauka. Siwaombi mrudishe nyumba zile. Maghorofa yaliyozirithi yamewapa riziki maelfu ya watu, na wateja wake wanatoka Lubumbashi na Lusaka, achilia mbali Tandika. Ila baraza lilikuwa na kazi mbili, kukaa na kulinda, na tulipolibomoa tuliwaza ile ya kwanza peke yake. Mlinzi wa dukani leo amewekwa alinde mali. Hakuna aliyeajiriwa kuuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Na mahali hapa pana deni juu ya jambo hili kuliko soko jingine lolote. Jina Kariakoo, kama mjuavyo, ni matamshi yetu ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambao Waingereza, baada ya kuuteka mji huu Septemba 1916, waliwakusanya katika uwanja huu ili wawabebee mizigo ya vita. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa porini, na hawakuandikwa majina. Mama zao na wake zao walingoja vijijini mpaka wakafa na wao, bila kuambiwa mpendwa wao alipotelea wapi. Kila tunapolitaja soko letu tunawataja watu waliopotea pasipo mtu kuwatafuta. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi tangu Januari ile, hasa nilipokumbuka kwamba siku nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeliandika jina la mjukuu wangu mahali popote.

Sasa niseme ninaloliomba.

Kwanza naomba mahali. Soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lina paa la miavuli mikubwa ya zege, iliyobuniwa hivyo ili ikusanye maji ya mvua. Na baada ya moto wa tarehe 10 Julai 2021 Serikali imetumia fedha nyingi kulikarabati na kulijengea jengo jingine kando yake. Katika majengo hayo, ambamo kila meta ya mraba ina bei yake, ipatikane nafasi ya meza moja, benchi moja na daftari moja, pawe pake mtoto aliyepotea. Isiwe afisi ya ghorofani wala chumba cha nyuma. Iwe chini, mbele za watu, ambapo anayemleta mtoto anaonekana na anayemchukua anaonekana. Asubuhi na usiku pawe na mtu, kwa kuwa tangu mwaka 2025 Kariakoo imezinduliwa kufanya biashara saa 24, na penye biashara ya usiku pana watoto wa usiku. Na katika kila pembe ya mitaa, juu ya nguzo, uchorwe mshale pamoja na picha ambayo mtoto ataikumbuka, mathalani kuku na vifaranga vyake, na picha hiyo hiyo ichorwe kubwa pale penye benchi. Mtoto asiyejua jina la mtaa wao anaijua nembo ya Simba na nembo ya Yanga tangu hajaanza kusema sawasawa. Alama ikiwa nzuri, akili ya mtoto huishika yenyewe.

Pili naomba sauti, na sauti hiyo imo tayari sokoni. Wazee wa pwani walikuwa na mbiu, pembe la nyati lililopigwa pakiwa na jambo, na mpiga mbiu akapita mitaa akinadi, na kila mtu akajua kuwa limemhusu. Kariakoo ya leo ina vipaza sauti vingi kuliko mji wowote wa zamani ulivyokuwa na pembe: kila meza ina spika yake ndogo iliyorekodiwa bei, inarudia elfu tano, elfu tano, tangu asubuhi hata jioni, na siku ile tuliyomtafuta mtoto tulilazimika kuliita jina lake kwa kupigana na sauti hizo, nazo zilitushinda. Hizo hizo ndizo zitakazokuwa mbiu yetu. Viongozi wa wafanyabiashara wakiafikiana na wenzao kwamba, habari ikitoka penye benchi, kila mtaa una watu wawili au watatu watakaonyamazisha bei na kunadi kwa dakika moja kuwa amepatikana mtoto wa kadha wa kadha, mzazi aende penye kuku na vifaranga, basi habari hiyo itatoka Msimbazi hadi Lumumba kabla mtu hajaweza kuvuka barabara moja.

Hapa lakini pana hadhari ambayo nailazimisha, na nimeipata kwa kuongea na watu waliofanya kazi na watoto. Jina la mtoto lisinadiwe. Inadiwe rangi ya nguo, labda na umri, na baadhi ya alama zake zifichwe: jina, kovu, kilichokuwa mfukoni. Anayekuja kumdai aseme yeye jina, aseme yaliyofichwa, aandikwe daftarini pamoja na kitambulisho chake, na mtoto atazamwe uso anapomwona. Mtu mwovu akisikia jina la mtoto kwenye spika, amepewa ufunguo; atakuja amwite kwa jina lake, na mtoto aliyechoka kulia atamwendea. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wenye simu wasisambaze picha ya uso wa mtoto aliyekwisha patikana. Mtoto huwa amefika nyumbani, na picha yake bado inazunguka, na kila inapofika inazua fadhaa mpya.

Tatu naomba kanuni moja ya watu wote: aliyemwona mtoto amepotea asimwondoe haraka pale alipomkuta. Asimame naye, aite mwenzake, amtume huyo penye benchi. Ikipita robo saa mzazi hajatokea, wampeleke wakiwa wawili, naye mwenye meza ya karibu abaki na habari ya walikokwenda. Muuza viatu wetu angefanya hivyo, tungekutana naye kabla hajamaliza kumnywesha maji, kwani tulikuwa mtaa wa pili. Mkisema watu hawawezi kufundishwa jambo kama hilo, nitawakumbusha fukwe za Argentina, ambako mtoto akipotea, aliyemwona humbeba mabegani na kuanza kupiga makofi, na wote walio karibu wakapiga makofi pamoja naye, na makofi yakatembea ufukweni mpaka yakamfikia mama. Hakuna askari aliyewalazimisha.

Na ikiwa mtu ataona kwamba halaiki ya Kariakoo ni kubwa mno kwa benchi na daftari, namwomba aitazame India, katika mji wa Allahabad, ambao siku hizi huitwa Prayagraj, wanakokusanyika mahujaji wa Kihindu kwa mamilioni penye makutano ya mito. Mwaka 1946 kijana mmoja, Raja Ram Tiwari, alianzisha hapo kambi ya waliopotea, akiita kwa kipaza sauti cha bati. Akaendelea na kazi hiyo kwa miaka 70 hadi alipofariki mwaka 2016, na jamaa zake wanaiendeleza. Watoto na vikongwe huletwa pale, huketishwa, huandikwa, hunadiwa. Kambi hiyo haikuanza kwa mitambo wala mabilioni. Ilianza kwa kuwa mahali pamoja. Huko Marekani walichagua njia nyingine: baada ya mtoto wa miaka 6 kutoweka dukani Florida mwaka 1981 na kukutwa ameuawa, maduka makubwa yaliweka, tangu mwaka 1994, desturi ya kulinda milango yote mara mtoto anapokosekana. Desturi hiyo ni njema, walakini Kariakoo haina mlango wa kufungwa. Ndiyo maana naegemea kambi ya Allahabad.

Mlango tunao sisi wa Magogoni, pale Feri. Asubuhi na jioni, lango la kivuko linapofunguliwa, watu huenda mbio kama maji yaliyovunja boma, na mtoto aliyetoka na mamaye kununua samaki anaweza kusombwa mpaka ndani ya kivuko na kuvushwa Kigamboni na watu wasiomjua. Dawa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Kariakoo: wakata tiketi wa ng'ambo zote mbili wapeane habari kwa simu, na mtoto asiye na mtu wake asipite lango. Sina la kuongeza juu ya Feri.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana mnaijua kuliko mimi. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao, na haikumsahau aliyepotea: imetaka asaidiwe, ahifadhiwe, na wazazi wake watafutwe. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Iko simu ya 116, ya bure, kwa ajili ya watoto. Vyombo vipo, kinachokosekana ni uzi wa kuviunga, kwa kuwa muuza viatu wa Mtaa wa Kongo hajui kwamba vipo, na hata akijua, mguu wake hauna pa kwenda.

Wazazi nao wanalo lao, na sitaki kuwatoa. Mtoto afundishwe jina kamili la mamaye, si "Mama Salma" peke yake, na mtaa wao, si "Mbagala" peke yake, kwani Mbagala ni mji mzima. Mahujaji wenye watoto huko Makka hupewa bangili za nambari za simu wawavishe mkononi. Sisi wa pwani tunayo hina na piko, ambazo watoto wa kike hupakwa kila Iddi inapokaribia, siku zile zile ambazo Kariakoo hufurika. Kuna ubaya gani tukiandika nambari ya simu ya mama ndani ya kigasha, kwa mtoto wa kike na wa kiume, kabla ya kutoka nyumbani? Nambari iandikwe, jina lisiandikwe, kwa sababu niliyokwisha itaja.

Waheshimiwa, najua mnayo mengi mezani: moto, maghorofa yasiyo imara, wamachinga, taka, mafuriko. Ninaloliomba halihitaji mkopo wala mzabuni. Linahitaji mkutano mmoja wa kukubaliana mahali, rangi ya kuchorea kuku na vifaranga, na zamu za watu wazima waaminifu, ambao wasailiwe na kuchunguzwa na serikali za mitaa kabla hawajakabidhiwa mtoto wa mtu. Mimi natoa jina langu katika orodha hiyo, nisailiwe kama wengine, na nipewe zamu ya alfajiri ambayo wengi hawataipenda.

Mjukuu wangu amekwisha hifadhi nambari ya mamaye. Huisoma kama wimbo anapooga. Lakini kila basi letu linapoingia Msimbazi huukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, na hauachii hata tukiwa ndani ya duka. Januari ijayo viatu vyake vitakuwa vimembana, na itatubidi turudi Mtaa wa Kongo.

Ni mimi,
mkazi wa Magogoni, Dar es Salaam